Datsun ya Harusi Imegoma Kuvua Ngoma

Kijiwe chetu hapa Majengo ni benchi moja mbele ya gereji ya Clemens, tunayemwita Injinia. Mimi nauza kahawa pembeni, mtoto mgongoni. Ijumaa ile benchi lilikuwa tupu. Wote walikuwa wamechuchumaa nyuma ya Datsun ya zamani, kutu imeila hadi milangoni. Kesho yake ingempeleka Stefania kanisani, maana baba yake kabla ya kufariki alisema, “Mwanangu ataolewa kwa gari langu.” Breki za nyuma zilikuwa zimekwisha, na njia ya kanisani ni mteremko. Injinia alishavua matairi, ila ngoma za breki, yale masufuria ya chuma yanayofunika breki, hazikutoka. Alikuwa akigonga nyundo tangu asubuhi, huku akishauriwa na Mzee Isdori, yaani Kilometa, dereva mstaafu, na Kornel, muuza dagaa, yaani Redio.

INJINIA: Kutu tu hii. Imeganda kama ukoko.

KILOMETA: Kutu gani? Hilo vumbi la Laela. Likilowa mvua, linaiva. Humo kuna ugali wa ulezi, kijana!

REDIO: Mzee, ugali haushiki hivyo. Marehemu alikuwa ananibebea dagaa kutoka Kabwe. Dagaa mmoja akidondokea humo, basi.

KILOMETA: Dagaa mmoja azuie gari?

REDIO: Wa Kabwe? Ana nguvu huyo!

INJINIA: Redio, lete mafuta ya taa.

KILOMETA: Usipoteze mafuta. Marehemu mwenyewe ndiye kaishika. Hataki binti aolewe Tunduma.

REDIO: Kweli! Tumwite katekista.

INJINIA: Katekista atashika spana namba ngapi?

Tulicheka hadi mwanangu akaamka. Injinia peke yake alikuwa anaangalia saa.

Mara akatokea Stefania mwenyewe, nywele zimesukwa nusu.

STEFANIA: Shikamooni. Imefikia wapi?

INJINIA: Inakwenda, dada. Usijali.

STEFANIA: Hendibreki, ile breki ya mkono, mmeishusha? Mimi niliivuta juzi nilipoegesha, na ndiyo inayobana ngoma za nyuma.

Redio akachungulia kikombe chake. Kilometa akafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

INJINIA: Shangazi yako Marsiana katandika viti kitambaa cheupe. Kasema atakayeingia humo kabla ya bibi harusi atamtambua.

STEFANIA: Kwa hiyo nani kaishusha?

Stefania akafungua mlango, akaketi taratibu, akaishusha. Injinia akagonga mara moja tu. Ngoma ikachomoka, ikabingirika hadi miguuni mwa Kilometa.

KILOMETA: Nilikuwa karibu kusema hivyohivyo.

Stefania alicheka hadi machozi, akajiegemeza kwenye usukani. Honi ikalia, ndefu. Kina mama wa madukani, wakidhani harusi imeanza, wakajibu kwa vigelegele, na mmoja akaja mbio na kanga yake, akiitandika njiani.

INJINIA: Bado, jamani! Gari halina matairi!