Mama Laini na Mtandio wa Kitini

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya shangazi yetu, mliyezoea kumwita Mama Laini, jina alilopewa dukani kwa utani, maana ulimi wake, Mungu amsamehe, haukuwa laini hata kidogo.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, kitindamimba wa fundi cherehani, akasoma hadi darasa la nane, na mwaka 1966 akaajiriwa kwenye duka la vitambaa, ambako alijifunza kuitambua hariri akiwa amefumba macho, ile nyororo ya Uchina, ya viwavi wanaolishwa majani ya mforosadi, ile ya kahawia ya misitu ya India, inayokwaruza kidogo kidoleni, na ile ya rangi ya dhahabu ya kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo hiyo, na mteja aliyekuja akijivunia nailoni aliambiwa ukweli mbele za watu, mwenye duka akabaki kushika kichwa.

Mwaka 1973 aliolewa na mpiga chapa, wakajaliwa binti mmoja, mume akatangulia mwaka 1985. Binti alipopata kazi ng'ambo, mwaka 1999, sote tulimsihi shangazi amzuie, naye akatujibu kwamba ile hariri nyororo hupatikana kwa kumchemsha mdudu ndani ya kifukofuko chake ili uzi usikatike, na yeye hatamfanyia mwanawe hivyo. Siku hiyo akatandaza kwenye kiti cha binti mtandio wa hariri nyingine ya India, ya viwavi wanaokula mbarika, ambayo husokotwa mdudu akishageuka nondo, yule kipepeo wa usiku, akatoka na kwenda zake.

Tuseme ukweli, alikuwa mpweke mno. Simu zilipungua, yeye akala chakula cha jioni akikielekea kile kiti, na wageni tulipozidi viti, mimi na suti yangu nilikaa sakafuni.

Mwaka 2021 alianza kuugua figo, akafariki alfajiri ya tarehe 14 Agosti 2023, na binti akafika wodini mchana wake. Marehemu alikuwa amemwachia muuguzi agizo, kwamba mtandio apewe binti, na asiulizwe na mtu yeyote kwa nini amechelewa. Binti yuko hapa mbele, ameuvaa, na familia inawaomba mliheshimu agizo hilo.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani mliompelekea uji, na wenzake wa dukani mliouvumilia ulimi wake.

Pumzika kwa amani, shangazi, kile kiti jana kilipata mwenyewe.