Sadrack Kambere, Aliyepanga Njia za Mwanga

Ndugu, majirani na wanafunzi mliofika hapa nyumbani kwake Bungulu, Beni, sikilizeni kwanza maisha ya huyu tunayemzika.

Sadrack Kambere alizaliwa Kasugho tarehe 3 Mei 1978, mtoto wa pili wa kiume, kama jina Kambere linavyosema kwetu. Shule ya msingi aliimalizia kwao, sekondari Butembo, na fizikia Kisangani.

Tarehe 12 Agosti 2006 alimuoa Mariette kwao Oicha. Mdogo wake, Luc, ndiye aliyeongoza mbuzi wa mahari. Kabla ya kuwapokea, baba mkwe aliuliza:

“Mukwe, kazi yako ni gani?”

“Papa, minafundishaka mambo ya mwangaza.”

“Umeme, basi. Groupe yetu imekufa. Angalia.”

Sadrack hakumsahihisha mzee. Alichutama na suti yake mpaka jenereta ikanguruma, ndipo mbuzi wakafunguliwa uani.

Mwaka 2011 alikwenda ng’ambo kutafuta udaktari wa fizikia. Mariette alibaki Oicha na watoto wawili na shamba la kakao, miaka minne. Waliokwenda kumpokea aliporudi walikuwa wengi. Shambani, miaka ile minne, hawakuonekana.

Kuanzia 2015 alifundisha Butembo, huku akibuni metamateriali za mwanga. Hivyo ni vitu ambavyo nguvu yake inatoka katika mpangilio wa vipande vyake, vidogo kuliko wimbi la mwanga lenyewe. Alivichora kwenye kompyuta, wenzake wa ng’ambo wakavitengeneza. Alitafuta kioo cha dirisha chenye kupitisha mwanga na kurudisha joto, na mtu akibadili umeme kidogo tu, kiruhusu joto liingie. Nyumbani alikuwa akimweleza Mariette kwa maharagwe juu ya ungo.

“Mama Joyeuse, maharagwe ni ile ile. Ukipanga ingine namna, mwangaza inafuata njia ingine.”

“Na sisi tutakula saa ngapi, Papa Joyeuse?”

Kioo kimoja kilifika Butembo mwaka 2023, kidogo kama ukucha. Alimuonyesha Mariette kabla ya kuwaonyesha maprofesa.

Septemba 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa Beni. Hospitalini, anayelala kando ya mgonjwa huitwa garde-malade, na Mariette aliitwa hivyo na kila mtu. Januari Luc alikuja kutoka Kinshasa. Wageni wa chuo walipouliza huyu mama ni nani, Luc alijibu, “Ni garde-malade.”

Sadrack alifumbua macho.

“Hapana, Luc. Ni bibi yangu. Si ni wewe uliongoza mbuzi mupaka Oicha?”

“Yaya, lala. Usichoke,” Luc alimwambia kaka yake.

“Minakuuliza mbuzi.”

Luc alitazama dirisha.

Sadrack alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mariette. Kilio hakijatulia, Luc akaomba funguo za nyumba. Programu ya kwanza ya mazishi ilikuja na jina la Mariette mwishoni, chini ya shukrani kwa waganga wa hospitali: garde-malade. Programu hiyo imerudishwa kwa mchapaji. Hii mliyoishika ndiyo sahihi.

Marehemu ameacha mke wake Mariette, mwenye nyumba hii na funguo zake. Binti zake Joyeuse na Hadassa. Mama yake Jokébed, wa Kasugho. Na mdogo wake Luc, aliyeongoza mbuzi.

Mungu amlaze kwa amani, na kila mtu akae pale marehemu alipompanga.