Teruyoshi Kajitani, Mtu wa Misago (1941–2019)

Teruyoshi Kajitani alizaliwa tarehe 11 Machi 1941 katika mji wa Okitsuhama, mkoani Tottori, akiwa kitinda mimba wa mzee Yasaku Kajitani, mfua vyuma, na mkewe Kinu. Nyumba yao ilipakana ukuta na kiwanda cha Misago. Siku hizo kiwanda kilikuwa hakijaunda gari hata moja. Kiliunda pampu za maji za mashamba ya mpunga, na wakulima wa zamani wanashuhudia kwamba zilikuwa pampu nzuri sana. Wapo wanaoamini ingefaa kampuni iishie hapo hapo. Wengi wao wamo katika ukumbi huu wa mazishi leo, kwa sababu marehemu aliwauzia magari.

Alisoma Shule ya Msingi ya mjini hapa na baadaye shule ya kati. Akiwa na miaka minane alishuhudia kigari cha kwanza cha mizigo cha Misago, chenye magurudumu matatu, kikitoka langoni mbele ya bendi ya tarumbeta. Kilipinduka kwenye kona ya kwanza, kikamwaga meya pamoja na mapipa ya figili za kuchachushwa. Watoto wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Teruyoshi alilia, akakimbia kwenda kusaidia kukinyanyua. Dada yake, Bi. Sumi, anasema siku hiyo ndiyo familia ilipompoteza. Iliyobaki ilikuwa kungoja mazishi. Mwaka 1957 aliingia chuo cha mafunzo cha kiwanda, ambako alifundishwa kufunga nati, kuinama vizuri, na kutouliza.

Mwaka 1963 Misago ilitoa gari lake la kwanza la abiria, Sazanami, na marehemu akapangiwa milango ya kushoto. Jarida la kampuni liliisifu Sazanami kuwa gari lenye tabia. Walioinunua wanakubali. Bodi yake ilianza kuliwa na kutu kabla harufu ya rangi haijaisha, hita ilijituma sana kwenye joto la mwezi wa Agosti, na waipa zilisafisha kioo bila kasoro mvua ikishaacha kunyesha.

Tarehe 14 Oktoba 1967 alimwoa Bi. Fusae Kuwamoto, kwa posa iliyopelekwa na msimamizi wake wa zamu. Njiani kwenda hekaluni Sazanami ilizimika kwenye kilima. Bibi harusi, katika kimono cha kuazima, alishuka akasukuma. Alipouliza kwa nini asisukume bwana harusi, alijibiwa kwamba bwana harusi ndiye anayejua usukani. Walipofika juu, marehemu alichungulia dirishani, akamwambia, "Unasukuma vizuri." Bi. Fusae anasema katika ndoa ya miaka hamsini na mmoja hakuwahi kusifiwa tena kwa uwazi namna ile.

Mafuta yalipopanda bei na magari yakarundikana uwanjani, mwaka 1974, kampuni iliwatoa mafundi kiwandani ikawatuma wakauze nyumba kwa nyumba. Marehemu hakuwa na mdomo wa biashara, ila alikuwa na ndugu. Aliwauzia wote, akianza na upande wa mkewe. Shemeji yake, Bwana Norikazu, hajasahau simu aliyompigia.

"Shemeji, mlango wa kushoto umefunguka barabarani! Na mama alikuwa amekaa pale pale!"

"Ulikuwa unakata kona ya wapi?"

"Ya kulia."

"Basi usikate kulia."

"Sasa kazini nitafikaje?"

"Zunguka. Kwani mji wenyewe una ukubwa gani?"

Bwana Norikazu alizunguka, akikata kushoto tu, mpaka alipoliuza gari kwa mtu asiyemfahamu. Mama mkwe wa marehemu hakupanda tena gari lolote hadi lile lililompeleka kaburini.

Inafaa kueleza hapa desturi moja ambayo vijana wanadhani ni hadithi. Mfanyakazi aliyekuja kazini na gari la kampuni nyingine hakuruhusiwa kuegesha ndani ya kiwanda cha Misago. Alipelekwa kwenye kiwanja cha matope nyuma ya maghala, akatembea kurudi huku wasimamizi wakimwangalia kutoka dirishani. Wengi waliiona desturi hiyo kuwa ya kazini, wakaiacha langoni jioni. Marehemu aliibeba akaenda nayo nyumbani. Mgeni yeyote wa familia ya Kajitani aliyekuja na gari lisilo la Misago aliliacha kwenye kiegesho cha bafu la umma, ng'ambo ya daraja, akamalizia kwa miguu. Daktari alitembea. Kasisi alitembea. Fundi wa gesi alitembea na mtungi.

Binti yao wa pekee, Michiru, alizaliwa tarehe 3 Juni 1970. Mwaka 1995 aliolewa na Bwana Kengo Aramaki, fundi wa magari ya Shirogane, kampuni ambayo jina lake lilikuwa halitajwi mezani kwa marehemu watu wakila. Harusi marehemu alihudhuria. Alikula, akainama, akarudi kwa basi.

Mnamo Januari 1997 Michiru alileta mtoto wake, Iroha, aonwe na babu. Mvua ilikuwa imechanganyika na theluji. Bi. Fusae alitoka na mwavuli akawakuta katikati ya daraja, mtoto akiwa mgongoni, mama amelowa mpaka soksi. Marehemu alikuwa amesimama kwenye kibaraza, sehemu kavu.

"Baba, mtoto ana wiki sita!"

"Bafu lina ukumbi. Mngesubiri ikatike."

"Na uani hapa pana nafasi ya magari mawili!"

"Ya Misago mawili, ndiyo."

Michiru alimweka mtoto mikononi mwa mama yake, akamwacha amshike kidogo, kisha akamchukua. "Mama, gari langu likiingia lango hili, na mimi nitaingia," alisema. "Na kauli itoke kwake, si kwako. Nisije nikaitwa mwizi nyumbani kwetu." Akarudi darajani.

Tangu siku hiyo Bi. Fusae alikuwa na haja moja tu duniani, na aliitaja kila mwaka mpya: kwamba lango lile lifunguliwe binti yake aingie. Marehemu alijibu kila mara kwamba lango halijafungwa, mtu yeyote mwenye miguu anapita. Basi mama alimwona mjukuu wake katika mgahawa wa tambi ulio karibu na stesheni, Jumamosi, huku akimwambia mumewe kwamba amekwenda kwa mtengeneza nywele. Hakuna mwanamke wa Okitsuhama aliyetengeneza nywele mara nyingi vile zikaonekana vile.

Marehemu alistaafu mwaka 2001. Chama cha Wastaafu wa Misago kimeomba itajwe kwamba alipewa saa ya ukutani kwa utumishi uliotukuka. Imetajwa. Alipostaafu alijinunulia Misago Nagisa ya rangi ya fedha, gari la mwisho kuuzwa kwa jina la Misago, na ukweli usemwe: halikuwahi kumsumbua. Liliwaka asubuhi za baridi. Milango ilifunga. Kila aliyekuja kwa miguu kutoka bafuni alipewa chai ya shayiri na mhadhara juu ya injini ile, kwamba hivi ndivyo Misago ilivyokuwa siku zote, ila watu hawakuwa na subira.

Mwaka 2008, marehemu akiwa hospitali kwa vipimo vya figo, Nagisa ilikataa kuwaka. Gereji ya Misago ilikuwa imeshageuzwa duka la viatu. Bi. Fusae alimpigia simu mkwewe. Bwana Kengo alikuja, akaegesha bafuni kwa adabu zake ingawa mwenye amri hakuwepo, akafungua boneti.

"Mama, hili ni Shirogane."

"Acha utani, mwanangu. Baba yenu akisikia atatoka hospitali na dripu mkononi."

"Angalia mhuri kwenye injini. Hili ni Kaede. Gari letu lile lile, liko kule bafuni. Letu ni jekundu tu. Kampuni zilielewana: Shirogane inaunda, inaleta kwa meli, Misago inabandika nembo yake."

"Nani anabandika?"

Bwana Kengo alifuta mikono, akasema hilo hakulijua.

Bi. Fusae alimngoja mumewe arudi, akamwandalia samaki wa kuchoma, akamuuliza kabla hajashika vijiti.

"Baba Michiru, ulijua kwamba Nagisa ni Shirogane?"

"Miaka mitatu ya mwisho, nembo nilizibandika mimi. Mimi na Ushio, mwenzangu wa zamu."

"Wewe mwenyewe?"

"Kuna pembe yake. Usipoishika vizuri inakaa upande."

"Sasa mwanangu alitembea kwenye theluji na kichanga kwa ajili gani?"

Marehemu aliangalia samaki. "Ule mwaka bado tulikuwa tunaunda wenyewe," alisema.

"Na miaka yote baada ya hapo?"

"Nikiliingiza lao humu kwa jina lao, ile miaka mingine yote kiwandani nilikuwa nafanya kazi gani?"

Bi. Fusae anataka ieleweke kwamba alilisikia jibu hilo, akalielewa, na hakulisamehe. Amelirudia mwenyewe kwa ajili ya wasifu huu, neno kwa neno, na amekataa lilainishwe.

Afya ya marehemu ilizidi kudhoofu, na kuanzia 2017 ilimlazimu kwenda hospitali ya mjini kusafishwa damu kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Mwaka uliofuata Nagisa iliangushwa na ukaguzi wa serikali. Bi. Fusae hakuomba ruhusa. Alimpigia binti yake: "Njoo na gari mpaka langoni. Atapanda tu, hana ujanja." Michiru alikuja na mumewe. Alisimamisha gari nje ya lango, magurudumu barabarani, akapiga honi mara moja. Marehemu alitoka amevaa koti la kazini. Mkononi alikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa nembo ya Misago.

"Kengo," alisema, "tubandike hii. Nyuma tu, padogo. Nitaiweka mwenyewe, naijua pembe yake."

Bwana Kengo, ambaye ni mtu mpole kupita kiasi, alinyoosha mkono kuipokea.

"Kengo, rudisha mkono," Michiru alisema. "Baba, panda kama lilivyo. Nimekuja kukuchukua."

"Ni kitu kidogo."

"Ni kidogo, ndiyo. Basi kiache."

Marehemu alikunja kitambaa, akaenda kituoni kungoja basi. Ikawa hivyo mara tatu kwa wiki. Yeye basini, mkewe katika gari la binti yake, nyuma ya basi. Hospitali walikaa pamoja, wakazungumza habari za hali ya hewa. Wauguzi walidhani ni watu waliofahamiana hapo hapo wodini.

Jumamosi tarehe 9 Februari 2019 theluji ilizuia mabasi. Marehemu alianza safari kwa miguu bila kuaga. Mkewe na binti yake walimkuta ameketi kando ya barabara, mgongo kwenye ukuta wa duka la mchele, uso umebadilika rangi. Michiru alifungua mlango wa gari.

"Baba, panda. Tafadhali."

"Hili ni lenu," alisema marehemu.

"Ndiyo, ni letu."

"Basi niitieni gari la wagonjwa."

Michiru aliliita. Kisha alisogeza gari mpaka karibu na miguu yake, akaacha mlango wazi na hita ikiwaka mpaka mwisho, ili joto limfikie pale alipokaa. Bi. Fusae alikaa naye chini kwenye theluji. Gari la wagonjwa lilipofika lilikuwa Shirogane. Marehemu alikuwa hana fahamu, kwa hiyo hakutoa maoni. Alifariki dunia saa kumi jioni siku hiyo hiyo. Daktari amesema kuchelewa kule hakukubadili kitu. Familia inamshukuru daktari kwa ukarimu wake.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Fusae; binti mmoja, Michiru; mkwe, Bwana Kengo Aramaki; mjukuu, Iroha; dada, Bi. Sumi; na shemeji, Bwana Norikazu, ambaye leo amekuja kwa kukata kulia. Kauli aliyoingoja Michiru haikutoka, na sasa haitatoka. Jana asubuhi Bi. Fusae alikwenda kwa miguu mpaka bafuni, ambako binti yake alikuwa ameegesha kwa mazoea akiwa amekaa ndani ya gari, akagonga kioo, akaingia kiti cha mbele. "Twende nyumbani," alimwambia. "Hili nalisema mimi, na mimi ndiye mwenye nyumba." Walipita langoni pamoja. Majirani walitoka kuangalia.

Baada ya majivu kuwekwa kaburini, wote mnakaribishwa nyumbani kwa chakula. Magari ya aina yoyote yaingie uani. Teruyoshi apumzike sasa, kwa amani ambayo hakutaka kupewa na mtu, nasi tulio hai tupate kupumzika naye.