Siku Niliyomhurumia Kaka

Ndugu, majirani na mliofanya kazi na marehemu, familia imenipa mimi, mdogo wake anayemfuata, jukumu la kuwasomea maisha ya kaka yetu, nami nawaomba mnivumilie sauti ikinikatika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1965, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, akaanza shule ya msingi Januari 1973, akamaliza sekondari mwaka 1983, na Novemba 1986 akapata cheti cha ufundi umeme, ambacho mama alikitia kwenye fremu ya picha ya harusi yake mwenyewe, picha akaihamishia kabatini.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa na kampuni ya kufunga na kukarabati lifti, akatumikia miaka thelathini na miwili hadi alipostaafu tarehe 29 Machi 2019, na katika muda wote huo hakuna lifti aliyoikagua iliyomuumiza mtu. Wenzake walimwita Taratibu, kwa kuwa kununua jozi moja ya viatu kulimchukua wiki tatu, na aliyemharakisha alimwongezea ya nne.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, mkewe hadi pumzi ya mwisho, wakajaliwa mabinti wawili, kifungua mimba ambaye ni mfamasia, na kitinda mimba aliye mwaka wa pili chuoni, ambaye ada yake ndiyo iliyomnyima baba yake usingizi wa kustaafu.

Sasa nifike panaponiuma. Mwaka 2016, akikarabati lifti ya jengo lenye ofisi ya dalali wa hisa ghorofa ya tisa, alizoeana na karani mmoja, akajifunza kwake biashara ya opsheni, yaani mtu analipa ada ndogo apate haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa kabla ya siku fulani, na mambo yakienda kombo anapoteza ile ada tu. Kwa miaka mitatu alifanya mazoezi kwenye daftari bila kutoa hata senti, na alipoanza kwa pesa za kweli, kutoka kwenye mafao yake, hakuweka kwenye biashara moja zaidi ya sehemu mbili kwa mia za mtaji wake.

Mwaka 2022 alihamia upande wa pili, wa kuuza hizo haki, ambako unapokea ada mkononi mapema, lakini hisa zikiporomoka unalazimika kuzinunua kwa bei ya zamani, na hasara haina sakafu. Alijua hatari hiyo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana tarehe 9 Januari, kwenye meza ya jikoni kwake, alinipa nywila ya akaunti yake ya hisa na karatasi aliyoitia saini, kwamba hasara ikifika sehemu moja ya kumi ya mtaji nifunge kila kitu, bila kumsikiliza, kwa sababu, alisema, breki ya lifti haimwombi abiria ushauri. Nilifunga mara mbili, na mara zote mbili alininunia wiki nzima, kisha akaja na mfuko wa machungwa, tukacheka.

Jumatano tarehe 16 Oktoba 2024, saa tano asubuhi, nikiwa stoo kazini kwangu, hasara ilifika sehemu ile ya kumi, nikafungua simu, na kabla sijabonyeza akapiga, akanisihi nimpe mpaka mchana tu, kaka yangu ambaye tangu tuzaliwe hakuwahi kuniomba kitu. Nilimhurumia, nikaiweka simu mfukoni, nikarudi kuhesabu mbao. Saa nane mtaji wote ulikuwa umekwisha, na ada ya binti pamoja nao.

Presha aliyokuwa nayo tangu 2018 ilimpanda, akapata kiharusi tarehe 2 Novemba, akalazwa wodi ya wanaume, na tarehe 21, saa kumi na moja alfajiri, akafariki akiwa na miaka hamsini na tisa.

Nimesikia hapa msibani neno kamari likinong'onwa, tafadhali liacheni. Shemeji, marehemu alikwambia kwamba siku ile alinificha hasara, nami nilikaa kitandani kwake siku kumi na tisa nikiuacha uongo huo unistiri, lakini si kweli, nilijua, nilikuwa na uwezo wa kufunga, sikufunga. Binti yetu ataendelea na chuo, ada yake ni juu yangu mpaka amalize, wala siilipi ili unisamehe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kila baada ya saa mbili, majirani waliopika na kulala nasi, mafundi wenzake waliobeba jeneza, na karani wa ghorofa ya tisa, aliyekuja ingawa aliogopa tungemlaumu.

Kaka, ulikufa umenibebea kosa langu, leo nimelichukua mbele ya watu, lala sasa, upumzike.