Agneta Nyamvula, Aliyewahesabu Watu wa Timbwani Mara Tatu

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Phineas Ruwa. Ribe, Jumamosi tarehe 7 Disemba 1963.

Ndugu, jamaa na majirani, poleni, na asanteni kwa kuja. Nimeagizwa nisome polepole, lakini maisha ya dada yangu hayasomeki polepole.

Marehemu Agneta Nyamvula Wafula alizaliwa hapa Ribe tarehe 14 Aprili 1930, mtoto wa kwanza wa Mzee Ruwa Ngumbao na Mama Mbodze. Masika yalikuwa yamepamba moto siku hiyo, akapewa jina la mvua.

Alisoma shule ya misheni hadi mwaka 1946. Mwalimu wa hesabu alipokosea ubaoni, Agneta alinyoosha mkono. Alipoambiwa aushushe, alinyoosha wa pili. Mwaka 1950 alihitimu mafunzo ya kazi ya maabara mjini Mombasa, akapelekwa zahanati moja ya Likoni.

Tarehe 18 Agosti 1956 alifunga ndoa na Dishon Wafula, dereva wa winchi bandarini, wakaishi Changamwe. Baba alikuwa ametaka mkwe wa karibu. Alipomwona Dishon akila sima kwa mboga chungu ya mchunga na kuomba tena, akasema, "Huyu wetu tayari." Mungu aliwajalia Rosalia na Hezron.

Sasa nifike kwenye kazi yake. Mwaka 1959 ofisi ya afya iliuliza: Timbwani, hapo Likoni, ina wagonjwa wa sukari wangapi? Zahanati ikapima mkojo wa watu wazima mia mbili na arubaini, Agneta akiwamo. Wakaonekana watatu tu. Daktari akaandaa barua kwamba ugonjwa huo si tatizo la Likoni, wala hakuna haja ya kuagiza dawa zake. Lakini Bi Zubeida Hamdun, mwenye duka la nguo, alikuwa na kidonda cha mguu kilichokataa kupona miezi mitano, na mkojo wake ulionekana safi. Agneta akaomba barua ingoje kwanza, wapime damu.

Mtaa ukawaka! Ikavuma kwamba mumiani, wale wanyonya damu, wamevuka kwa feri.

"Wallahi, simpi mtu damu yangu," Bi Zubeida akasema barazani kwake.

"Basi tizama yangu kwanza, Bi Zubeida," Agneta akajibu.

Asubuhi, kabla ya kula chochote, akaketi kwenye kigoda mbele ya watu wote, mwenzake wa zahanati akamtoa damu. Akanywa bilauri ya maji ya glukosi, akangoja saa mbili, akatolewa tena. Siku zilizofuata wakaja wote mia mbili na arubaini! Akina mama walichekeana kwenye foleni: "Leo serikali yatunywesha sharubati!"

Majibu yalipotoka, alikuja kwangu anahema. Damu ya asubuhi, kabla ya kula, ilionyesha wagonjwa sita. Damu ya baada ya glukosi ilionyesha kumi na watatu. Watu ni wale wale! Tena, wawili kati ya wale sita hawakuwamo katika hao kumi na watatu.

Daktari alisema, "Tuandike kumi na watatu, ndiyo kubwa."

"Ukiandika hiyo, Bwana Daktari, Bi Zubeida ametoka," Agneta akamwambia. "Yeye ameonekana kwa damu ya asubuhi tu."

"Basi idadi ya kweli ni ipi?"

"Kila kipimo kina idadi yake. Tuandike zote, na kila moja kipimo chake kando. Kisha tuwatibu wote kumi na watano, wale watatu wa mkojo wakiwamo."

Daktari akaichana barua ya kwanza. Dawa zikaja, na Jumanne ikawa siku ya wagonjwa wa sukari. Kidonda cha Bi Zubeida kikapona kabla ya Ramadhani. Yupo hapa leo, amesimama kwa miguu yake miwili.

Katika wale kumi na watatu alikuwamo Agneta mwenyewe. Alituambia nyumbani baada ya dawa za wenzake kufika. Tangu hapo alijidunga insulini kila asubuhi, akaenda kazini kama kawaida.

Tarehe 22 Novemba mwaka huu alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa. Hospitalini alipokea barua ya ofisi ya afya: kila zahanati itakayotaja idadi ya wagonjwa wa sukari itaje na kipimo kilichotumika. Aliisoma mara mbili. "Phineas, wamesikia!" akaniambia, akacheka hadi muuguzi akamkataza. Alifariki Jumatano tarehe 4 Disemba, saa kumi na moja alfajiri, siku nane kabla ya Uhuru. Gauni lake la sherehe alikuwa ameshalishona.

Ameacha mume, Dishon Wafula. Watoto, Rosalia na Hezron. Wazazi wetu wote wawili. Mimi mdogo wake. Na wagonjwa wa Jumanne, ambao wameniomba niwataje pamoja na jamaa.

Miaka yote dada aliamka kabla ya jogoo. Bwana, mwache sasa alale, naye apate amani yako.