Mwavuli wa Gobeze

Benchi la Mama Yeshi, muuza kahawa, hapa kona ya soko juu kidogo ya Gondar, lina miguu mitatu na jiwe moja. Asubuhi hiyo tulimkuta Gobeze amelikalia, amekumbatia mwavuli mpya wa maandamano ya kanisa, mwekundu, wenye nyuzi za dhahabu. Maksai wake wa kulimia alipotea Jumanne, naye akaweka nadhiri: akimpata, atampa mtakatifu mwavuli. Leo alfajiri kampata juu ya jabali, akashuka naye, akanunua mwavuli. Shida ni moja. Amesahau alimwita mtakatifu gani.

— Mnacheka, alisema Gobeze. Nikimpa mtakatifu asiye yeye, mwenyewe atamrudisha maksai alikomtoa. Na mvua ndiyo hiyo inakuja. Nitalima na mke wangu?

Redio, kinyozi wetu asiyezimika, aliweka kikombe chini.

— Tekle Haymanot huyo! Alisali wima miaka na miaka mpaka mguu ukakatika, akaendelea na uliobaki. Wewe ulimtafuta maksai ukichechemea. Lazima akuonee huruma.

— Pingamizi! alisema Jaji, ambaye zamani alilinda mlango wa mahakama. Ni Gebre Menfes Kidus, aliyeishi na simba na chui. Nani mwingine angewazuia fisi? Wahenga walisema, simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Simba wake hawakula nyama, kaka, alisema Redio.

— Basi walikwenda mbio.

Mama Yeshi akamimina kikombe cha pili cha kahawa.

— Na Aregawi je? Si alipanda jabali kwa kushika mkia wa nyoka? Maksai naye kapatikana wapi?

— Jabalini! Redio akajipiga kofi gotini. Kaung'ata mkia wa nyoka, huyoo, juu!

— Maksai hana meno ya mbele ya juu, alisema Gobeze kwa huzuni.

— Ndiyo maana ilichukua siku nne, alisema Redio.

— Tuukate mwavuli vipande vitatu, Jaji akaamua. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Mvua ikinyesha, watakatifu watatu waloe? aliuliza Gobeze.

Mama Yeshi alikuwa ameshika birika kwa kikombe cha tatu, kile cha baraka, alipopita Mama Welete, mtawa, na fimbo yake. Alisimama, akatusikiliza kidogo.

— Gobeze mwanangu, huyo maksai umemfunga wapi?

Redio alitazama nguzo. Jaji alitazama Redio. Gobeze aliitazama mikono yake miwili, ambayo tangu alipofika ilikuwa imeshika mwavuli tu.

— Ee Aregawi! Gobeze alipiga ukelele, akaruka. Benchi likapinduka na sisi juu yake.

Mama Yeshi akamimina bila kumwaga hata tone.

— Haya, kakumbuka.

— Na maksai? aliuliza Redio kutoka chini.

— Hiyo kesi nyingine, alisema Jaji.

Mara tukasikia mwuza kabichi akipiga mayowe kule bondeni kwamba maksai anamalizia kabichi zake, tukajua Aregawi ameshaitika.