Nta ya Gari la Bwana Henriki

Kabla yadi ya mfanyabiashara Vinod haijazungushiwa ukuta, kijiwe chetu kilikuwa kando ya lango lake, pale Shinyanga mjini: benchi la mninga na birika la kahawa la mzee Kalisti. Ukikaa pale mwaka 1981, ulitazamana na gari-nyumba la Bwana Henriki, mpima miamba aliyetafuta dhahabu pande za Geita huku akilala humo ndani. Mwaka 1969 aliumwa, akaenda kutibiwa kwao. Alimwambia dereva wake, Masele: lioshe, lipake nta, nitarudi. Masele akafanya hivyo miaka kumi na miwili, ingawa gari lilikuwa juu ya mawe. Vinod alilihifadhi muda wote huo bila kudai chochote, lakini wiki ile alitamka: ikifika Jumatatu mwenyewe hajatokea, atampa mtu mwingine alitumie. Basi Jumatano asubuhi Masele akaja na ndoo, sabuni, na nta ya nyuki kutoka Masumbwe aliyoiyeyusha na mafuta ya taa. Aliamini gari likimeta, Vinod ataona haya kulitoa.

— Masele, hiyo sabuni mkeo anaijua? akauliza Tindo, mwashi wetu.

— Paskalina anajua. Amenuna, lakini anajua.

— Watu wanapanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, wewe unaogesha gari lisilotembea!

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, akadakia Hakika, karani mstaafu wa pamba. Tulimwita hivyo kwa sababu hakuwahi kusema "labda". — Hilo halijatembea miaka kumi na miwili. Kwa hiyo ndilo gari jema kuliko yote mjini.

— Jema wapi? akasema Tindo. — Limefubaa! Ukiligusa unatoka na unga mkononi kama umeshika chaki. Lisugue kwa mchanga, bwana, kama sufuria.

— Ulilisugua mwaka juzi nilipolazwa, Masele akasema bila kugeuka. — Ndiyo maana limefubaa.

Tindo akanywa kahawa yake mpaka chini.

— Nilikuwa nakusaidia.

— Najua, ndugu yangu.

— Kosa si la Tindo, akasema Hakika. — Kosa ni kutojua lile ni kitu gani. Si bati, si mbao.

— Ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, Masele akajibu. — Bwana Henriki aliniambia.

— Nyuzi za kioo! akadakia Hakika. — Nani alizisokota, buibui? Ule ni mfupa, nakwambia. Mfupa wa samaki mkubwa wa huko kwao. Ulishaona mfupa ukipata kutu?

— Mfupa ungenuka, Tindo akabisha.

— Ukishakauka? Na kama ni mfupa, dawa yake ni samli. Vibuyu vya maziwa tunavipaka samli, vinang'aa mpaka vinarithiwa.

— Samli tulipaka mwaka sabini na sita, nikawakumbusha.

Tukacheka wote, hata Masele. Mwaka ule ndama wa jirani yetu Bujiku walikuja kulilamba siku tatu mfululizo, na vumbi la kiangazi likanata mpaka gari likaonekana limejengwa kwa udongo.

Masele akaacha kufuta.

— Ninyi hamkuliona porini, akasema. — Mvua ikinyesha, maji yanakimbia juu yake kama shanga zilizokatika uzi. Bwana Henriki anatoka na kikombe cha chai, analowa, anatazama tu. Halafu ananiita: Masele, njoo uone kazi yako.

Akarudia kufuta.

Ndipo akaja mwanamke tusiyemjua, ana sufuria kubwa kichwani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mayu. Karibu, tukaitikia, tukimwita mama kwa Kisukuma.

— Naitwa Limi, natoka Segese. Vinod kaniambia nije nilitazame hilo gari. Anasema naweza kupikia humo, niuze chakula kwa wapagazi wa pamba.

Akalisogelea, akapitisha kiganja ubavuni, pale nta ilipokwisha kufutwa. Akaurudisha mkono haraka, kama aliyeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi.

— Kumbe linatunzwa. Mimi sitaki kitu cha mtu. Huyo mwenyewe anarudi lini? Nikijua, nitasubiri.

Tukatazamana. Tindo akaanza kuchunguza kucha zake. Miaka yote ile tulibishana mchanga, samli na mifupa, wala hakuna aliyewahi kumuuliza Masele jambo hilo.

Masele alikikamua kitambaa mpaka kikaacha kutoa maji.

— Usipake juani, akamwambia Limi. — Nta itaganda kabla hujaifuta. Ngoja kivuli kifike. Unapaka kidogo, kama unavyompaka mtoto mafuta. Ikifanya ukungu, ndipo unafuta.

— Na moshi wa jiko, baba?

— Weusi wa moshi unatoka kwa maji ya vuguvugu. Jiko liweke chini ya dirisha dogo, ndipo Bwana Henriki alipochemshia chai yake.

Limi akatua sufuria, akakunja mikono ya gauni.